Kutoka glaida hadi helikopta: mwongozo kwa rubani aliyeko Tanga

Mtu aliyerusha glaida, yaani ndege isiyo na injini, kwa miaka anajua mambo ambayo mwanafunzi mpya wa helikopta huyapata kwa taabu: kusoma upepo, kuchagua pa kutua kabla hapajahitajika, kutumia miguu. Lakini mikono yake imezoea mambo mawili yatakayomletea matatizo. Mkono wa kulia umezoea kusukuma fimbo mbele kila kasi inapopungua. Mkono wa kushoto umezoea kuvuta anapotaka kushuka. Kwenye helikopta ndogo la kwanza linaweza kuua, na la pili litakutia aibu mbele ya mwalimu.

Ninaandika nikimfikiria mtu aliyepata leseni ya glaida Ujerumani, Afrika Kusini au kwingineko, au aliyewahi kuruka kwenye kituo cha glaida cha Bitterwasser kule Namibia, ambaye sasa anaishi Tanga na anataka leseni ya rubani binafsi wa helikopta.

Hatua ya 1: Daktari kwanza, ada baadaye

Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), leseni hii inadai cheti cha afya cha daraja la 2, na lazima kitoke kwa daktari aliyeidhinishwa na mamlaka ya anga. Hapa nyumbani mamlaka hiyo ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Kama Ulaya ulikuwa ukirusha glaida kwa cheti chepesi zaidi, usidhani kitakubalika. Pima macho, masikio na moyo kabla hujatuma hata shilingi moja kwa chuo chochote.

Jambo la pili ni lugha. Marubani wengi wa glaida huongea redioni kwa lugha ya nchi walikojifunzia, na kanuni za kimataifa haziwabani sana. Rubani wa helikopta anabanwa: akitaka kutumia redio katika safari za kimataifa lazima awe na angalau daraja la 4 la umahiri wa lugha, na mawasiliano ya anga hapa kwetu ni ya Kiingereza. Kama ulijifunzia redio Kijerumani, anza sasa kusikiliza na kuigiza mazungumzo ya mnara.

Jambo la tatu ni saa zako za glaida. ICAO inataka saa 40 za helikopta, au 35 ukisoma kozi iliyoidhinishwa. Kati ya hizo, 10 uwe peke yako chini ya usimamizi wa mwalimu, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari, ikiwemo safari moja isiyopungua kilomita 180 yenye kutua sehemu mbili tofauti. Umri usipungue miaka 17. Kuhusu saa ulizopata kwenye aina nyingine ya chombo, ICAO inaiachia mamlaka ya nchi iamue kama itakupunguzia na kwa kiasi gani. Ulaya wamelifunga kwa namba: asilimia 10 ya saa ulizoongoza chombo mwenyewe, zisizidi 6. Kwa hiyo hata kama una saa 800 za glaida, huko utapunguziwa 6 tu. Mpelekee ofisa wa leseni kitabu chako cha saa za kuruka, omba jibu kwa maandishi, na punguzo ukilipata usilikate kwenye bajeti. Watu wengi huvuka saa 40 kabla hawajawa tayari kwa mtihani, na wewe unaweza kuwa mmoja wao.

Hatua ya 2: Chagua mashine kabla ya kuchagua chuo

Kutoka Tanga utalazimika kusafiri kwa ajili ya mafunzo. Ulizia Dar es Salaam, ulizia Nairobi kwenye kiwanja cha Wilson, ulizia Afrika Kusini. Swali la kwanza kumuuliza mkuu wa chuo ni hili: wanafunzi wanarushia helikopta gani?

Robinson R22 ndiyo iliyosambaa zaidi duniani kwa mafunzo. Ina viti viwili, injini ya pistoni, na rota, yaani mapanga yanayozunguka juu ya chombo, yenye mapanga mawili yanayobembea pamoja juu ya mhimili mmoja. Mapanga ni mepesi, kwa hiyo mzunguko wake hupungua haraka injini ikizima. R44 ni dada yake mkubwa, ina viti vinne, imetulia zaidi na ina gharama zaidi. Guimbal Cabri G2 ya Ufaransa ina mapanga matatu na rota yake ya mkia imefungiwa ndani ya duara. Schweizer 300 nayo ina mapanga matatu. Kwa rubani wa glaida idadi hii ya mapanga ina maana kubwa, kama utakavyoona kwenye hatua ya 5. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua, ningechagua mapanga matatu. Kama iliyopo ni R22 pekee, isome R22, lakini soma hatua ya 5 mara mbili.

Uliza pia rota inazunguka upande gani. Ukiitazama kutoka juu, ya Kimarekani huzunguka kinyume cha saa, na ukiongeza nguvu mguu wa kushoto ndio unaofanya kazi. Ya Kifaransa, ikiwemo AS350 ambayo utaiona mara nyingi Afrika Mashariki, huzunguka kama saa, na mguu ni wa kulia.

Kisha piga hesabu ya uzito. R22 hairuhusiwi kuzidi kilo 622. Tupu ina takriban kilo 400. Ukiwa na kilo 90 na mwalimu kilo 90, zinabaki kama kilo 42 za mafuta, yaani lita 58 hivi, nayo hunywa lita 30 hadi 38 kwa saa. Kila kiti kina kikomo cha kilo 109. Tulivyo wapenda wali wa nazi, mizani ni jambo la kuliangalia mapema.

Bei ya saa moja itakushtua ukilinganisha na glaida. Sababu si mafuta pekee. R22 inatakiwa kufumuliwa na kujengwa upya kila baada ya saa 2,200 au miaka 12, na kila saa unayoruka unalipia kipande cha kazi hiyo. Kusanya fedha zote kabla hujaanza. Anayeruka saa moja kwa mwezi hutumia nusu ya saa hiyo kukumbuka alichosahau.

Hatua ya 3: Mambo ya kujisomea nyumbani

Sheria za anga, hali ya hewa, ramani na mipaka ya mwili wa binadamu unavijua kwa sehemu kubwa, vipitie haraka. Tumia muda wako kwenye injini, hasa kama hujawahi kurusha chombo chenye injini. Jifunze magneto (kifaa kinachotoa cheche za injini), mfumo wa mafuta, na zaidi ya yote kabureta.

Watu wa pwani hudhani barafu ni habari ya Ulaya. Hewa inapopita kwenye koo la kabureta hupoa sana, na ikiwa na unyevu mwingi kama hewa ya Tanga wakati wa masika, barafu inaweza kujijenga humo hata nje kukiwa na joto la nyuzi 25 au zaidi. Injini hufifia, halafu hunyamaza. Ndiyo maana R22 ina kipimo cha joto la kabureta chenye eneo la njano kati ya nyuzi −15 na +5, na kishikio cha kuingiza hewa ya moto. Zoea kukitazama kipimo hicho kama unavyotazama kipimo cha kupanda na kushuka kwenye glaida, hasa unapopunguza nguvu ili ushuke.

Zoezi la mikono halina gharama. Kaa kwenye kiti, weka mpini wa ufagio kando ya paja la kushoto, na ujisemee: juu ni kupanda, chini ni kushuka. Fimbo hii ya kushoto, kolektivu, hubadilisha pembe ya mapanga yote kwa pamoja. Kwenye glaida mkono huohuo hushika breki za hewa, na kuvuta ni kushuka. Ukiona unakaribia uwanja ukiwa juu mno, mkono utataka kuvuta wenyewe, na helikopta itapanda. Rudia zoezi hadi uache kufikiri. Kishikio cha resi kiko mwishoni mwa kolektivu na huzungushwa kama cha bodaboda, ila kuongeza ni kwa kuzungusha upande wa kinyume na pikipiki. Mara nyingi kifaa kiitwacho gavana kitakusaidia kushikilia mzunguko, lakini mwalimu atakizima ili ujifunze bila msaada wake.

Hatua ya 4: Kuelea

Hapa kila rubani wa glaida hunyenyekea. Umezoea chombo ambacho ukikiachia fimbo kitaendelea kuruka. Helikopta ndogo ikiwa imeelea futi tano juu ya nyasi haitulii yenyewe; ukiiachia, itaondoka na kuzidisha ilichoanza.

Mbinu yenyewe ni fupi kuisema. Egemeza mkono wa kulia juu ya paja. Sikliki, yaani fimbo ya katikati, isogezwe kwa kiasi ambacho mtu wa pembeni hatakiona. Usitazame ardhi iliyo mbele ya miguu yako. Tazama mbali, kwenye mti au paa mita 50 au 100 kutoka ulipo. Ukiona mwendo umeanza, sahihisha kidogo kisha urudishe mkono kabla helikopta haijamaliza kuitikia. Mwombe mwalimu akupe kidhibiti kimoja kimoja: kwanza pedali, kisha kolektivu, sikliki mwisho. Miguu yako itamfurahisha, maana wanafunzi wengi huja wakiwa na miguu iliyolala.

Mbele ya kioo cha R22 utakuta uzi mfupi unaopeperushwa na hewa, uleule uliouzoea kwenye glaida. Ukiwa kwenye mwendo wa mbele utakusaidia kuweka pua sawa na hewa. Ukiwa umeelea, usiutilie maanani.

Karibu na ardhi, chini ya kimo kinacholingana na upana wa rota (mita 7.7 kwa R22), helikopta huelea kwa nguvu ndogo zaidi. Ukianza kwenda mbele, baina ya noti 16 na 24 (kama kilomita 30 hadi 44 kwa saa) utahisi mtikisiko kisha mnyanyuo wa ghafla, na pua itataka kuinuka. Mara za kwanza utashangaa, baadaye utautegemea.

Hatua ya 5: Mkono wa kulia

Hatua hii isipitwe haraka.

Rubani wa glaida aliyejifunza kurushwa kwa winchi, mashine ya ardhini inayoivuta glaida kwa kamba, amefundishwa kwamba kamba ikikatika, papo hapo anasukuma fimbo mbele. Amefanya zoezi hilo mpaka halipiti tena kwenye akili. Kasi ikishuka kwenye kona, anasukuma. Pua ikiinuliwa na mkondo wa joto, anasukuma. Mafunzo hayo yamemlinda maisha yake yote.

Kwenye helikopta ya mapanga mawili, mwili wa chombo unaning'inia chini ya rota. Ukisukuma sikliki mbele kwa ghafla, hasa baada ya kuvuta juu, rota hupoteza mzigo na mwili huwa kama hauna uzito. Rota ya mkia inaendelea kusukuma, nayo iko juu kuliko kitovu cha uzito, kwa hiyo mwili huviringika kulia. Rubani huona anaviringika kulia, anapeleka fimbo kushoto. Rota inainama kushoto, mwili hauifuati, na kitovu cha rota kinagonga mhimili unaoibeba. Mhimili ukikatika hakuna utaratibu wa dharura. Yote haya yanaweza kuchukua muda mfupi kuliko kusoma sentensi hii.

Dawa ni kuvuta sikliki nyuma kwa upole kwanza, ili rota ibebe mzigo tena, na baada ya hapo ndipo usahihishe mviringiko. Kinga ni bora zaidi: kwenye hewa yenye misukosuko punguza kasi hadi kati ya noti 60 na 70, usishindane na kila mtikisiko, na usisukume kwa nguvu hata siku moja. Zoezi hili halifanywi angani, hata mwalimu akiwa hodari. Hujifunzwa ardhini, kwa maneno na kwa mkono kwenye fimbo iliyotulia.

Mwambie mwalimu siku ya kwanza, kwa mdomo wako, kwamba umetoka kwenye glaida na una mazoea ya kusukuma. Mwalimu mzuri ataweka mkono wake karibu na fimbo.

Kuna na jambo la fikra. Kwako wingu jeupe lenye kitako bapa ni habari njema, na mtikisiko chini yake ni mwaliko wa kupanda. Ukiwa ndani ya R22, mtikisiko ule ule ni sababu ya kupunguza kasi na kupita kando.

Hatua ya 6: Injini ikizima

Otorotesheni ni kushuka huku hewa inayopanda kutoka chini ikizungusha rota badala ya injini. Rubani wa glaida hulifurahia somo hili, maana hatimaye hapa injini haina kelele. Furaha hiyo ipunguze kwa hesabu. ASK 21, glaida ya kawaida ya mafunzo, huteleza mita 34 mbele kwa kila mita moja ya kushuka. R22 huteleza kama mita 4. Kwa kila futi 1,500 juu ya ardhi unapata takriban maili moja ya baharini. Kwa kasi ya noti 65 unashuka zaidi ya futi 1,500 kwa dakika. Uwanja unaoutaka uko karibu chini ya miguu yako.

Kwenye glaida uhai wako ni kasi ya hewa. Hapa uhai ni mzunguko wa rota, kasi inafuata. Injini ikinyamaza, kolektivu inashuka chini mara moja. Kwenye R22 una kama sekunde moja, ndiyo maana mkono wa kushoto hauondoki pale bila sababu. Honi ya kuonya hulia mzunguko ukifika asilimia 97. Kanuni ya kukadiria ni kwamba rota huacha kabisa kubeba karibu na asilimia 80, ukiongeza asilimia 1 kwa kila futi 1,000 za mwinuko, na kutoka hapo hairudi.

Mwisho wake nao una mtego. Kama futi 40 juu ya ardhi unainua pua ili kupunguza mwendo. Mkono wa glaida utataka kuendelea kushikilia pua juu mpaka chini. Usifanye hivyo, mkia utagonga kwanza. Ukikaribia futi 8 unaisawazisha kwa sikliki, kisha unatumia nguvu iliyobaki kwenye rota kwa kuinua kolektivu. Kuinua pua, kusawazisha, kuinua kolektivu: mambo matatu, wewe ulizoea moja.

Utakapolipata somo, tabia yako ya kuchagua pa kutua mapema itakuweka mbele ya wenzako. Ila badilisha vigezo. Glaida ilitaka urefu. Helikopta inataka nafasi ndogo, tambarare, isiyo na nyaya.

Hatua ya 7: Kukaribia na kutua

Rubani wa glaida hubeba akiba ya kimo na kasi mpaka dakika ya mwisho kwa sababu hana nafasi ya kurudia. Helikopta inakwenda kwa pembe isiyobadilika huku kasi ikipungua taratibu mpaka isimame hewani juu ya alama. Ukija na akiba nyingi utaishia kuinua pua kwa nguvu, kusimama ukiwa juu mno, kisha kuzama wima.

Kuzama huko marubani wanakuogopa: helikopta huingia kwenye hewa iliyochafuliwa na rota yake yenyewe, na kuongeza nguvu huzidisha kuzama. Kanuni ya kawaida ni kutoshuka zaidi ya futi 300 kwa dakika ukiwa chini ya noti 30. Upepo wa nyuma hukuingiza humo bila kujua. Hapo ujuzi wako wa upepo unalipa.

Hatua ya 8: Kurudi pwani na leseni

Ukiwa na leseni ya nje, TCAA itabidi iitambue kabla hujarusha chombo kilichosajiliwa hapa. Usisubiri mpaka siku ya safari.

Kisha piga hesabu ya hewa yetu. Tanga iko karibu na usawa wa bahari, lakini kwa joto la nyuzi 32 helikopta huhisi kama iko kwenye futi 2,000 hivi. Lushoto, yenye mwinuko wa kama mita 1,400, kwa nyuzi 25 huhisika kama karibu futi 7,000. R22 yenye watu wawili inaweza kuelea vizuri Tanga na ikakataa kabisa Lushoto. Usambara pia inapindua upepo: upande wa Muheza na Amani hupokea hewa ya baharini, na nyuma ya ukingo hewa hiyo hushuka na kuvurugika. Kwenye glaida ungeutafuta mgongo huo wa mlima. Sasa upite mbali na kwa kimo.

Ruka asubuhi, wakati umande bado unavuma kutoka bara na hewa imetulia. Mchana upepo wa bahari huongezeka. Unapotafuta mwelekeo wake, matanga ya ngalawa nje ya bandari na moshi wa mashambani ni vipimo vyema. Kwenye mashamba ya mkonge usidanganywe na mistari iliyonyooka. Majani yake yana miiba migumu, na barabara za katikati ya mashamba mara nyingi zina nyaya za umeme pembeni. Nyaya hazionekani, nguzo huonekana, tafuta nguzo.

Kwa zoezi la ramani, chora Tanga, Korogwe, Pangani, kurudi Tanga. Kwa makadirio ni karibu kilomita 180, na ndani yake kuna bonde la mto, mashamba, minazi na ufukwe. Weka kituo cha mafuta kwenye hesabu mapema: avgas, yaani petroli ya injini za pistoni za ndege, haipatikani kila kiwanja chenye mafuta ya ndege za jeti.

Baada ya kila safari ya ufukweni, chombo kioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi na fundi akague mapanga na viungo.

Na Pemba? Kila mtu wa Tanga ataiuliza hiyo siku ya pili baada ya kupata leseni. Mkondo wa bahari wa kuvuka una upana wa kama kilomita 50. Ukiwa futi 3,000 kwenye R22, injini ikizima una maili mbili tu za baharini, na sehemu kubwa ya njia hiyo ni maji matupu pande zote. Kwa injini moja ya pistoni bila maboya ya kuelea, jibu langu ni hapana. Ukienda na helikopta yenye maboya, jaketi la kujiokolea livaliwe tangu kabla ya kuondoka, lisiwekwe nyuma ya kiti, na mtu wa Tanga na mtu wa Pemba wote wajue saa unayotarajiwa kufika.